Upepo wa Joto wa Beodeulgol

Jumatatu, 24 Juni

Nimemaliza wiki ya kwanza ya kazi. Bibi ameniuliza kazi yenyewe ni nini, nikashindwa kumweleza. Naandika hapa nione kama nitaweza kujieleza mwenyewe.

Kampuni ya simu imeahidi kupunguza moshi wake. Nilidhani simu haina moshi. Fundi Cheon, ambaye ndiye ninayezunguka naye, anasema kila mnara una kibanda, kila kibanda kina mashine, na mashine zinapata joto. Kwa hiyo kuna viyoyozi vya kuzipoza, na viyoyozi hivyo vinakula umeme karibu sawa na mashine zenyewe, na umeme mwingi unatoka kwenye makaa ya mawe. "Moshi upo," alisema, "ila uko mbali, ndiyo maana mikono yetu ni safi."

Tunapita vibanda vyote vya wilaya hii ya milimani. Tunaziba nyufa za milango, tunapandisha kidogo kipimo cha baridi kwa sababu mashine hazihitaji baridi kali kama walivyodhani zamani, tunazima mashine kuukuu ambazo zimebaki zinanguruma bila mtu kuzitumia. Mimi nasoma mita na kushika tochi. Nitafanya hivyo mpaka sikukuu ya mavuno ya Chusok, mwezi wa tisa, halafu wataamua kama wananihitaji.

Baada ya kuyaandika haya nilimweleza Bibi kwa maneno machache. Akafikiri huku anakata figili.

"Yaani wanakulipa upunguze."

"Ndiyo, Bibi."

"Ajabu. Mimi maisha yangu yote nimelipwa nikiongeza."

Jumamosi, 29 Juni

Mvua za jangma zimeanza. Ukuta wa jikoni unatoa jasho.

Jumanne, 2 Julai

Kituo cha juu kabisa, karibu na pango la watawa. Kampuni imeweka paneli za jua kwenye paa, na ili paneli zipate jua wamekata misonobari yote ya upande wa kusini. Visiki bado vinatoa utomvu. Nilivitazama nikakosa la kufikiri. Niliporudi garini nilitaka kuuliza, lakini Fundi Cheon alikuwa anakula wali wake wa kukunjwa kwenye mwani, na mimi sijui kumwanza mtu anayekula.

Ijumaa, 5 Julai

Fundi Cheon amesema, "Wewe binti, hata ukikanyagwa mguu utaomba radhi." Nikamwomba radhi. Akacheka mpaka akasimamisha gari.

Jumanne, 9 Julai

Leo tumefika kwetu, Beodeulgol. Kibanda kiko nyuma ya kinu cha mpunga kilichofungwa, chini ya mnara. Nimezaliwa hapa na sijawahi kukiangalia mara mbili.

Hiki ndicho kinachomkosesha raha Fundi. Kwa ukubwa wake kingekula umeme kidogo, lakini kinakula kuliko vituo vyote vya bonde hili. Na kinakula kinyume. Vituo vingine umeme unapanda siku ya jua kali na kushuka siku ya mvua, kwa sababu mvua inapoza. Cha kwetu siku za mvua ndizo umeme unapopanda. Fundi alinionyesha mchoro kwenye simu yake: mvua, kilima; jua, bonde. Mvua, kilima.

"Labda maji yanaingia," nilisema. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza siku hiyo.

Akakagua kila kitu. Pakavu. Tulibadilisha vichujio, tukafungua mashine za nje za viyoyozi, zile zenye feni kubwa zinazotema joto, zilizo ndani ya uzio mfupi wa waya upande wa nyuma. Feni safi, zinazunguka vizuri, na kila kipimo kiko sawa.

"Tukija inapona," alisema Fundi Cheon. "Tukiondoka inaugua. Kama mtoto asiyetaka shule."

Meneja Maeng wa kampuni amempigia kutoka mji wa Daegu. Kituo kama hiki kinaharibu hesabu ya wilaya nzima.

Jumatano, 10 Julai

Mvua. Wakati wa chai ya asubuhi Bibi aliniuliza, kama kila siku, "Leo mnakwenda upande gani?" Nikamwambia upande wa bwawa. Huwa napenda anavyoniuliza. Mama yangu, anayefanya kazi kiwandani Gumi, hupiga simu kuniuliza kama nimekula, lakini hajawahi kuuliza nakwenda wapi.

Jumapili, 14 Julai

Mvua.

Jumanne, 16 Julai

Sijui nianzie wapi.

Leo barabara ya bwawa iliporomoka, Fundi akanirudisha nyumbani kabla ya saa sita. Nilivua soksi zilizolowa na kuchukua nyingine kabatini. Zilikuwa kavu. Si kavu za jangma, zenye ule ubaridi na harufu ya uvundo. Zilikuwa kavu kama za mwezi wa kumi. Nikagusa blanketi langu, nikagusa taulo. Hatuna mashine ya kukaushia. Nikajiona mjinga kwamba nimelalia blanketi kavu wiki tatu za mvua na sikujiuliza chochote.

Bibi hakuwepo. Nilichukua mwavuli nikaenda ukumbi wa wazee. Hakuna mtu, wala kandambili mlangoni. Nikasikia vicheko upande wa kinu.

Nyuma ya kibanda cha kampuni, wanawake wa kijiji walikuwa wamekaa juu ya makreti ya bia, migongo imeelekea zile feni. Wametandaza turubai juu, kutoka ukingo wa paa mpaka kwenye ukuta wa kinu. Kwenye uzio wa waya walikuwa wametundika mablanketi, suruali, soksi, nguo za ndani za Mwenyekiti wa kijiji, na mafungu ya vitunguu saumu. Upepo wa joto ulikuwa unavipeperusha vyote, na kile usichoweza kupitia kilikuwa kinaurudisha ndani ya mashine. Hata mimi niliyesoma sayansi kwa taabu niliona. Mashine ilikuwa inavuta pumzi yake yenyewe.

Bi Sandong ndiye aliyeniona kwanza. Jina lake halisi silijui. Huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kijiji alikotoka, na Bibi yangu ni Bi Galmoe kwa wote isipokuwa mimi.

"Galmoe, mpelelezi wako huyu hapa."

Bibi hakushtuka. "Ulisema mnakwenda bwawani."

"Barabara imeporomoka, Bibi."

"Basi kaa. Utapata mafua."

Nikaelewa kwa nini anauliza kila asubuhi: siku tukija, wavitoe vitu. Iliniuma kidogo. Lakini walisogea, wakanipa kreti, na ule upepo ukanipiga mgongoni mpaka kwenye mifupa, na Bi Sandong akaniwekea kitunguu saumu mkononi nimenye.

"Magoti yangu," alisema, "daktari wa Andong ameyashindwa, kampuni ya simu imeyaweza."

"Wewe magoti," akasema mwingine. "Mimi hapa ndipo nilipopona mume."

"Mume alikufa, siyo?"

"Ndiyo nasema nilipona."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikacheka. Nimeishi na wanawake hawa miaka yote na leo ndiyo mara ya kwanza wanazungumza mbele yangu kama kwamba nipo.

Njiani kurudi nilimwambia Bibi kwamba kampuni inatafuta sababu ya umeme kupotea, na sababu ni hiyo.

"Upepo wenyewe wanautupa," alisema. "Mtu akiokota kilichotupwa ni mwizi?"

"Sijui, Bibi."

"Wewe ndiye umesoma."

Jumatano, 17 Julai

Sikumwambia Fundi Cheon. Aliniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 18 Julai

Nikisema, kampuni itaziba na Bibi atapoteza upepo wake. Nisiposema, nalipwa kupunguza na ninakalia kile kinachoongeza. Nimeliandika hivi mara kadhaa nikitarajia upande mmoja utazidi uzito.

Leo nilijaribu njia ya katikati. Nilikwenda nyuma ya kinu nikawaambia, kwa sauti ambayo Bi Sandong aliniomba nirudie, kwamba mashine zinapata joto sana na zinahema, na zikihema sana kazi yangu inaharibika. Walinisikiliza kwa makini. Bi Sandong alitikisa kichwa kwa huruma akaipapasa mashine kama ng'ombe.

"Maskini. Na sisi tunaota tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Niliona wameelewa.

Jumamosi, 27 Julai

Jangma imekwisha kwa ghafla. Jua. Pilipili zimeanza kuiva nyekundu.

Alhamisi, 1 Agosti

Tunachuma pilipili alfajiri kabla ya kazi. Bibi ana wateja wa miaka mingi Daegu na Seoul, wanawake wanaonunua pilipili yake kwa ajili ya kimchi, kabichi ya kuchachusha ya majira ya baridi. Wanampa bei ya juu kwa sababu hataki mashine ya mafuta ya taa, inayozikausha kwa siku mbili na kuzifanya nyeusi nyeusi. Zake ni za jua. Ukiitikisa pilipili yake mbegu zinalia, na ukiiinua mwangani unaona ndani.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua ya ghafla mchana. Niliporudi, mikeka ya pilipili haikuwepo uani. Nilijua iliko.

"Bibi, si unawaambia ni za jua?"

"Zimeonja jua."

"Zimeonja tu?"

"Na wewe umeonja shule. Nani anakuuliza umebakiza miaka mingapi?"

Nilikumbuka jinsi anavyozungumza na wateja wake simuni, kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha, na nikashindwa kuamua kama sauti ile ni ya uongo. Kwa sababu kweli jua lilizigusa. Na kweli hazikuguswa na mafuta ya taa.

Kila mwaka imekuwa hivi, kumbe. Siku za jua uani, siku za mvua nyuma ya kinu.

Jumamosi, 10 Agosti

Joto kali. Mwenyekiti anatangaza kila asubuhi kwenye vipaza sauti vya kijiji: wazee wasiende shambani mchana, wanywe maji, na yule aliyechukua toroli ya ukumbi airudishe, anajijua mwenyewe.

Jumanne, 13 Agosti

Hii nitaiandika polepole.

Tulikuwa bonde la pili, mimi na Fundi Cheon, simu yake ikalia mlio wa hatari. Kituo cha Beodeulgol kimepata joto kupita kiasi na kimejizima. Alijaribu kumpigia Mwenyekiti, haikuita. Bila shaka haikuita, mnara ndio ulikuwa umekufa, na kijiji chote hakina mwingine.

Tulipokaribia daraja gari la zimamoto lilitupita likipiga king'ora. Nyuma yake gari la polisi. Nyuma yake teksi ya mjini.

Wazee wa Beodeulgol wana watoto mijini, na watoto hao hupiga simu kila siku asubuhi, hasa siku za joto, kuhakikisha mzazi yu hai. Wakipiga isipoita, humpigia jirani. Ya jirani nayo haiiti, ya Mwenyekiti haiiti. Asubuhi ile walipiga wote, kijiji kizima hakikuita, na kila mmoja aliona picha yake ya maiti sakafuni. Wakawapigia polisi. Wakawapigia zimamoto. Kisha wakawasha magari.

Tulikuta zimamoto wanagonga mlango mmoja baada ya mwingine na milango yote iko wazi na hakuna mtu ndani. Kijana mmoja wa zimamoto alikuwa amegeuka rangi. Mimi nilimwambia Fundi Cheon, "Najua waliko." Alinitazama.

Nyuma ya kinu walikuwepo wote. Walikuwa wamechukua ule wavu mweusi unaofunika mashamba ya jinsengi, ile mizizi ya dawa, wameuzungushia mashine za viyoyozi kutoka juu mpaka chini ili jua lisiziunguze. Wameufunga vizuri sana, mafundo madogo sawasawa, kazi ya watu waliofunga mashamba tangu ujana. Ndani ya wavu, mbele ya feni, wamepanga trei za pilipili moja juu ya nyingine. Na kwa kuwa mashine zilikuwa zimenyamaza na walijua wazi kuna jambo baya, Bi Sandong na Bibi yangu walikuwa wamekaa kwenye makreti, kila mmoja na pepeo lake la karatasi, wanazipepea.

"Hanbyeol," alisema Bi Sandong aliponiona, uso umelowa jasho, "umechelewa. Tunampepea tangu saa tatu."

Waliyafanya kwa ajili yangu. Nilisema mashine zinapata joto, nao wakazitafutia kivuli.

Mzimamoto alitoa kisu akate wavu, Fundi akamshika mkono. "Usikate. Ni wavu wa watu." Akaanza kufungua fundo kwa fundo. Nikamsaidia. Tulipofika upande wa mwisho akauliza bila kuniangalia:

"Ulijua?"

"Blanketi nilijua. Wavu sikujua."

"Tangu lini?"

"Tangu katikati ya mvua."

Akaendelea kufungua.

Mashine ziliporudi na simu zikaamka, zilianza kulia zote pamoja, mifukoni, kwenye sidiria, kwenye ndoo ya pilipili. Kufikia alasiri watoto wenyewe walifika. Mwana wa Bi Sandong alishuka garini shati lake limevaliwa nyuma mbele, akamwona mama yake anakula tikiti maji, akakaa chini palepale barabarani akalia. Mama yake alimpiga kofi la mgongo.

"Siku ya kazi hii. Umewaambia kazini nani anakufa?"

"Wewe, Mama."

"Nikifa nitakupigia."

Lakini alikwenda kuchinja kuku. Nyumba zote zilitoa moshi. Kijiji kilijaa magari kama Chusok, na akina bibi walipita wakiwa na nyuso za sikukuu, wakijitahidi kuonekana wamekasirika. Mimi nilisimama nikiyaangalia yale magari, yaliyotoka Daegu, Gumi, moja Seoul. Nilifikiria petroli yote ile. Sijui ni vituo vingapi vingepaswa kuzibwa nyufa ili kuifidia. Halafu nikamwona mwana wa Bi Sandong amelala kwenye baraza, kichwa mapajani mwa mama yake, nikaona aibu kwa nilichofikiria. Halafu nikaona si aibu pia, ni kweli. Sijui.

Jumatano, 14 Agosti

Fundi Cheon: "Ripoti utaandika wewe. Kijiji ni chako."

Nikasema siwezi.

"Najua. Andika hivyo hivyo."

Jumanne, 20 Agosti

Meneja Maeng amekuja kutoka Daegu na sanduku la juisi. Ni mwanamke wa umri wa mama yangu, mpole, anainama kwa kila mzee. Mkutano ulikuwa ukumbi wa wazee. Mwana wa Bi Sandong alichukua likizo akawepo. Kazi yangu ilikuwa kumimina juisi.

Meneja alieleza kwamba kampuni inataka kupunguza madhara yake kwa dunia, na kwamba nyuma ya kibanda patawekwa uzio mrefu, kwa usalama wa wote.

"Dunia gani?" aliuliza Bibi yangu.

"Samahani, Mama?"

"Hiyo mnayoipunguzia. Beodeulgol imo?"

Meneja alitabasamu. Alisema bila shaka imo.

"Basi sikiliza. Mkiziba, na mvua ya mwezi wa tisa inakuja, itabidi tununue mashine ya mafuta ya taa tukaushe pilipili. Itanguruma mchana kutwa. Moshi huo mtauandika wapi?"

"Huo, Mama, kwa kweli, hautakuwa moshi wetu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza mpaka wa shamba. Lakini tangu mwezi wa sita nilidhani moshi ni moshi.

Ndipo Meneja alipouliza ni tangu lini kituo kinatumiwa hivyo; alihitaji kujua hesabu za miaka iliyopita ziliharibika kiasi gani. Wanawake wote waliangalia bilauri zao. Fundi Cheon alikuwa ananitazama, si kwa kunisukuma, alikuwa ananitazama tu. Nikasema:

"Nguo, siku za jangma. Pilipili, siku za mvua za mwezi wa nane na wa tisa. Kila mwaka."

Nilidhani nimejibu swali la umeme.

"Kila mwaka?" Mwana wa Bi Sandong alimgeukia Bibi, akicheka. "Kumbe Bi Galmoe, zile za jua ambazo nimezibeba mpaka kwa mkuu wangu wa kazi..."

Hakumaliza. Mama yake alikuwa amemfinya. Lakini Meneja Maeng alisikia, na watu wote wa ukumbini walisikia, na Bibi aliweka bilauri yake mezani taratibu, akainuka, akavaa kandambili zake akatoka. Hakunitazama.

Jumatano, 21 Agosti

Bibi hazungumzi nami. Chakula kipo. Soksi zipo. Haniulizi nakwenda wapi.

Alhamisi, 29 Agosti

Uzio umejengwa. Mrefu, wa chuma, na kibandiko cha jani la kijani.

Umeme wa kituo umeshuka mara moja. Mchoro umenyooka, jua juu, mvua chini, kama vituo vingine. Meneja Maeng ametuma ujumbe wa pongezi kwa Fundi na kwangu. Fundi alinisomea kwa sauti, kisha tukakaa garini tukitazama makreti ya bia yaliyobaki yamepinduliwa kwenye nyasi.

"Upepo ungetolewa kwa bomba," nilisema, "juu, mbali na mashine, ukaenda kwenye banda la plastiki la kukaushia pilipili. Mashine ingepumua?"

Alifikiri mpaka kioo kikaingia ukungu. "Bomba likiwa pana. Na feni ndogo ya kuusukuma. Ingepumua."

"Kwa nini hawafanyi?"

"Kwa sababu faida ingekuwa ya pilipili," alisema. "Pilipili si wateja."

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua. Wanawake wamechanga, mashine ya mafuta ya taa imeletwa kwenye lori na kuwekwa karibu na ukumbi. Inanguruma kuanzia asubuhi. Harufu yake imeingia kwenye wali.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimemaliza ripoti. Niliandika umeme ulioshuka. Chini yake nikaandika mafuta ya taa ambayo kijiji kimeanza kuchoma kwa sababu umeme umeshuka, na chini yake nikauliza kuhusu bomba. Niliifuta ile sehemu ya pili, nikairudisha, nikaifuta. Fundi Cheon alisema, "Binti, ukiendelea hivyo hata kompyuta itapata joto." Nikairudisha, nikatuma kabla sijafikiri.

Meneja Maeng alipiga simu mwenyewe. Hakukasirika. Alisema ripoti ni nzuri, lakini sehemu ya chini haina pa kuingia. Fomu ya kampuni haina mahali pa mafuta ya watu wengine. Alisema atauliza kuhusu bomba. Alisema pia kwamba baada ya Chusok wangependa nibaki, na kwamba nifikirie. Nilisema asante. Nilipokata simu nikagundua sijui nimeshukuru nini.

Nilimwambia Bibi ukutani, yaani nilisema nikiutazama ukuta, kwamba nimeandika pia kuhusu mafuta ya taa. Alikuwa anakata mabua ya pilipili kwa mkasi. Mkasi ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Jumatano, 11 Septemba

Pilipili za mwisho zimetoka kwenye mashine. Nilitikisa moja. Mbegu zinalia, ila si sana.

Alhamisi, 12 Septemba

Jioni Bibi alikaa sebuleni na simu yake na miwani, pilipili zimepangwa kwenye mifuko nyuma yake. Ni siku anayowapigia wateja kila mwaka. Nilitaka kutoka ili asione aibu mbele yangu. Alisema, "Kaa." Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule mkutano.

Akampigia mteja wa kwanza, mwanamke wa Daegu ambaye ananunua kwake tangu kabla sijazaliwa. Wakaulizana habari za magoti na wajukuu. Kisha Bibi akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia siku zote:

"Mwaka huu si za jua. Zimekaushwa kwa mashine ya mafuta."

Mwanamke aliuliza kitu. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia: "Na za mwaka jana, Mama? Zilikuwa tamu sana zile."

Bibi alivua miwani. Alinitazama muda mrefu, na sikuweza kusoma kama ni hasira au nini. Nadhani naye hakujua.

"Za mwaka jana," alisema, "zilikuwa za simu."

Bibi akaitoa simu sikioni akaiangalia kama imekatika, akairudisha, akangoja. Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Ndipo akaeleza, kwa ufupi, kibanda, feni, wavu, bila kujitetea na bila kumtaja mtu. Alipomaliza mwanamke alisema jambo kwa sauti ya chini, na Bibi akajibu, "Sawa. Ni haki yako," akakata.

"Amesemaje, Bibi?"

"Nimtumie nusu."

"Nusu ni vizuri au vibaya?"

"Wewe ndiye unayepima vitu. Nilidhani utaniambia." Akasukuma simu mezani mpaka ikagusa mkono wangu, akajilaza kwenye mto akafumba macho. "Anayefuata ongea naye wewe. Mimi nimechoka kusema kweli, nayo ni moja tu."

Nilitafuta jina, nikabonyeza. Bibi hakufumbua macho, ila aligeuza lile sikio lake zuri upande wangu. Simu ikaita.